Harambee ya Kitabu Kule Gesima

Vijana mnaobaki pale kiwandani mliniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijaanza kuzisahau. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na kila kimoja kilikuja na funguo zaidi za kubeba. Mshahara ulikuwa mshahara. Nitaanza na ukungu, kwa sababu kila nikifumba macho nikiiwaza kazi yangu, ukungu ndio unaotangulia.

Asubuhi ya kwanza niliteremka kutoka Manga kwa miguu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami pia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, watu wakinisalimu "Bwakire!" nami nikiitikia bila kumwona aliyenisalimu. Nilipofika Kisii mjini, sketi yangu ilikuwa imelowa umande hadi magotini. Kiwanda chetu cha kuchapa kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la fundi cherehani, na harufu ya wino ilinipokea kabla sijauona mlango. Hadi leo, nikiisikia harufu hiyo mahali, moyo wangu hutulia.

Mzee Zakaria, mpanga herufi mkuu, alinitazama juu ya miwani yake.

"Chai tunanunua hotelini," akasema. "Hatukuomba mpishi."

"Nimekuja kujifunza kupanga herufi, tata," nikamjibu. Kwetu tata ni baba, na mzee yeyote wa umri wa baba ni tata.

Akanionyesha beseni la maji na kipande cha sabuni. "Basi sikiza. Usile kitu na mikono hiyo kabla hujanawa. Hizi herufi ni risasi. Haikuui leo. Inangoja."

Ninyi mmezoea mashine zinazofikiri, kwa hiyo nitaeleza. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi chenye sura iliyogeuzwa, na zote zilikaa katika kasha la mbao lenye vijumba vingi. Uliokota moja moja, ukaipanga katika kijaluba cha chuma ulichokishika kwa mkono wa kushoto, ukisoma maneno yakiwa kichwa chini. Kasha letu lilitengenezwa Ulaya na watu ambao hawaitumii a kama tuitumiavyo sisi. Ukipanga Kiswahili au Ekegusii, lugha yetu, herufi a zilikwisha kabla ukurasa wa nane haujajaa. Kwa hiyo tulipanga kurasa chache, tukazichapa, tukazivunja, tukarudisha kila herufi kijumbani mwake, kisha tukaanza upya. Mzee Zakaria alisema sisi ndio watu pekee tunaolipwa kubomoa tulichojenga jana.

Mchana mvua ilipiga mabati, karibu kila siku, na hapo kazi ilikuwa tamu. Mashine ya kukanyaga kwa mguu ilikwenda taratibu, karatasi zikapumua juu ya meza, na mimi nikizama katika maneno ya watu wengine hadi nikasahau kwamba nina miguu. Nimepanga mahubiri, kadi za harusi, matangazo ya pareto, katiba za vyama vya ushirika. Usiku niliota a zikinidondokea kutoka mbinguni, nami nikizikinga kwa khanga.

Siku hizo kila mtu aliyejua kusoma alitaka kuandika kitabu. Msinicheke. Tulikuwa tumeambiwa nchi ni yetu, na ni nani asiyetaka kusimulia cha kwake? Walikuja walimu, makarani na makatekista, miswada yao imefungwa kwa vitambaa, wakisimama mlangoni wakidondoka maji ya mvua. "Mnaweza kunitolea kitabu?" Mzee Zakaria aliwakalisha kwanza. Kisha aliwaambia maneno ambayo niliyasikia mpaka nikaweza kuyasema usingizini: "Sisi ni wachapaji. Ukituletea kazi na karatasi, tunapaka wino, unatulipa. Mchapishaji ni mtu mwingine. Huyo akikipenda kitabu chako, yeye ndiye anayegharimia, na wewe anakulipa. Akikuomba wewe fedha, shika mswada wako ukimbie."

Wengi walimsikiliza. Lakini kuna jambo ambalo hata yeye hakulipima vizuri, nalo ni harambee.

Kwetu kila kitu chema kilijengwa kwa mchango. Shule ilichangiwa, josho la ng'ombe likachangiwa, bati la kanisa likachangiwa, nauli ya kijana wa kwenda kusoma ng'ambo ikachangiwa. Aliyekosa fedha alileta ndizi, aliyekosa ndizi alileta mikono yake. Mtu aliyefika akisema "changeni" hakuonekana mwizi. Alionekana kiongozi. Na siku moja akaja mtu aliyelijua hilo kuliko sisi wenyewe.

Alijiita Mkurugenzi. Alikuwa na tai nyekundu, gari dogo, na kampuni ya uchapishaji ya Nairobi ambayo anwani yake ilikuwa sanduku la posta peke yake. Alitupa kazi ya kitabu cha karani mmoja wa Mosocho: jalada gumu lenye jina kwa rangi ya dhahabu, kurasa za mwanzo zimechapwa, na nyuma yake karatasi tupu za kujaza unene. Nakala chache tu. "Ni sampuli," akasema. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kilichomkera Mzee Zakaria ni kwamba Mkurugenzi hakutaka jina la kiwanda chetu litokee mwishoni mwa kitabu. Kila mchapaji huweka jina lake pale, kwa desturi na kwa sheria. Walibishana, na mwishowe jina likawekwa, kwa herufi ndogo sana.

Jina hilo dogo ndilo lililomleta karani wa Mosocho mlangoni kwetu baada ya miezi kadhaa, sampuli yake mkononi. Alitaka kujua vitabu vyake vingine viko wapi. Ukoo mzima ulikuwa umechanga. Mzee Zakaria alimweleza polepole kwamba hakuna vingine. Karani hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi akifungua na kufunga zile kurasa tupu, mvua ikaanza, ikaisha, naye bado amekaa. Nilimhurumia hadi nikashindwa kupanga. Alikuwa amepigwa changa la macho, na zaidi ya yote hakuweza kujisamehe yeye mwenyewe.

Ndipo Mkurugenzi aliporudi, akitabasamu, na kazi ya pili ya aina ileile. Safari hii jalada lilisema *Moto wa Jirani na Hadithi Nyingine*, na jina la mwandishi lilikuwa Mwalimu Kwamboka wa Gesima. Alituletea daftari moja tu la kunakili kurasa za mwanzo. Nikamwuliza mengine yako wapi.

"Yako salama Nairobi," akasema.

"Na Mwalimu amebaki na nakala?"

Alicheka. "Dada, nakala ya nini? Si atapata kitabu?"

Mwenye kiwanda alikuwa ameshaipokea kazi. Nilipanga kurasa zile kwa mikono mizito, na ubaya ni kwamba zilikuwa nzuri. Mwalimu Kwamboka alikuwa ameandika hadithi alizozisikia kwa bibi yake jikoni, kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa darasa la tatu angekifuata. Nilikuwa nikiokota herufi huku nikisikia moshi wa kuni. Nilipofika mwisho wa daftari nilitaka kujua kinachofuata, na kinachofuata kilikuwa karatasi tupu.

"Harambee ya kitabu hiki ni Jumapili," nikamwambia Mzee Zakaria. "Gesima nzima itachanga. Na madaftari ya Mwalimu, Mkurugenzi ameshayachukua."

Sote tulijua kanuni ya kazi: cha mteja hakitoki nje. Mzee alifuta miwani yake muda mrefu.

"Cha mteja hakitoki nje," akasema. "Lakini barua ndiyo siri, Kerubo. Kitabu tangu lini kikawa siri? Kinachapwa ili kifunguliwe. Jumapili nitakushikia zamu. Nenda ukaone kama kitafunguliwa."

Nilipanda basi la kwenda Keroka, nikashuka njiani, nikatembea kupanda Gesima kati ya chai changa na pareto iliyochanua maua meupe hadi ukungu ulipoimeza. Kila kitu kilikuwa kimya na chepesi, kama niko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Nilimkuta Mwalimu Kwamboka nyuma ya shule akipanga vikombe. Alikuwa mjane mwembamba, gauni lake la bluu limepigwa pasi mpaka linang'aa. Nilijitambulisha, nikamwambia yote bila kuzungukazunguka. Kitabu alichoahidiwa kina kurasa chache tu, zilizobaki ni karatasi tupu.

"Nimekiona, dada," akasema kwa upole. "Kimefungwa utepe. Kina dhahabu."

"Umekifungua?"

"Hakifunguliwi kabla ya mgeni wa heshima kukata utepe. Mkurugenzi amenieleza."

"Mwalimu, mimi ndiye niliyezipanga zile kurasa kwa mikono hii."

Aliitazama mikono yangu, ncha za vidole zilizokuwa nyeusi. Akakiweka kikombe juu ya kisahani. Alisema kwa sauti ya chini, "Watu wameleta vitu vyao tangu alfajiri. Nikisema sasa, nitaonekana mwendawazimu. Nikinyamaza, nitakuwa mwizi pamoja naye. Na madaftari yangu?"

Kengele ya shule ikapigwa, akaitwa mbele.

Ndani ya darasa, chifu, ndiye mgeni wa heshima, alikata utepe. Watu wakapiga makofi, kwaya ikaimba, na Mkurugenzi akakiinua kitabu juu, dhahabu ikimeremeta. Akasema kitabu ni kama shule, hakijengwi na mtu mmoja, na kwamba nakala hii ya kwanza itapigwa mnada. Kapu la michango lilikuwa mezani, na chini ya meza walikuwa kuku, ndizi na gunia la wimbi. Kwamboka akanyoosha mkono.

"Naomba niwasomee kidogo kwanza."

"Mwalimu, muda," akasema Mkurugenzi, bado anatabasamu.

Kutoka mstari wa mbele bibi mmoja mzee, Moraa, akapaza sauti. "Muda gani? Tumekaa hapa tangu asubuhi. Hicho kitu tumekichangia, wacha asome!"

Watu wakacheka, na Mkurugenzi hakuwa na la kufanya ila kukitoa. Kwamboka alisoma. Alisoma kwa Kiswahili kilekile nilichokipanga, na wazee walioelewa nusu walitikisa vichwa kwa nusu hiyo. Nilijua mahali ukurasa wa mwisho uliochapwa ulipo. Nilihesabu mistari moyoni. Alifika, akafungua ukurasa uliofuata.

Aliitazama ile karatasi nyeupe. Kisha akainua macho akanitafuta kati ya watu, akaniona. Nilidhani atalia. Badala yake akavuta pumzi, na sauti yake ikahama kutoka Kiswahili ikaingia Ekegusii, lugha ambamo hadithi zile zilizaliwa, naye akaendelea. Alisimulia juu ya msichana aliyetumwa kuomba moto kwa jirani wa mbali, ng'ambo ya mlima, siku ambayo kila jiko lilikuwa limezimika. Msichana akabeba kaa la moto katika kigae cha chungu. Mvua ikaanza. Akaingia nyumba hadi nyumba kulikinga kaa lake, na kila nyumba ikamwomba kidogo. Kwamboka alifungua kurasa tupu moja baada ya nyingine, kwa wakati wake, kama zimeandikwa. Watoto walisogea karibu. Hata ukungu ulionekana kusimama dirishani. Mimi mwisho wa hadithi sikuusikia, kwa sababu nilikuwa nikimwangalia Mkurugenzi, ambaye alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlangoni.

Alipomaliza, Kwamboka alikigeuza kitabu kikawaelekea watu, akakishika wazi kwa mikono miwili. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Mkurugenzi," chifu akasema, "hii ni nini?"

"Ni sampuli, Chifu. Nyingine zinakuja."

"Na madaftari ya Mwalimu?"

Akatoka mbio. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya Gesima ilikuwa na matope pia. Gari lake dogo lilizama kabla ya kona ya kwanza, vijana wakamrudisha kwa miguu, tai yake imemzungukia hadi mgongoni. Chifu alimpeleka kituo cha polisi. Madaftari hayakupatikana. Baadaye tuliambiwa kwamba ofisi ya Nairobi haikuwepo, na huenda karatasi zile zilifungia sukari katika duka fulani. Nilipolisikia hilo nililia kazini, mbele ya watu, wala sikuona haya.

Lakini jioni ile ile pale shuleni, chifu aliamuru kila mtu arudishiwe chake. Majina yakaitwa. Wengi walichukua, na ilikuwa haki yao. Ilipofika zamu ya bibi Moraa, karani wa chifu akamletea kuku wake mweusi, amefungwa miguu.

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Huyo kuku nilimleta kwa sababu ya hadithi. Hadithi nimesikia. Nichukue kuku wa nini tena?"

Karani akamtazama chifu. Chifu akatazama chini. Mtu wa nyuma akasema hata yeye ndizi zake ziachwe hapo, na mwingine naye akaacha za kwake. Si wote, lakini kapu halikubaki tupu. Kwamboka aliketi juu ya dawati akajifunika uso kwa mikono.

Vijana wangu, huko nje watu kama yule bado wako, na tai zao zinabadilika rangi tu. Mwandishi akija kwenu na mswada wa pekee, mwambieni kwanza akaupige chapa kwa karatasi ya kaboni na abaki na nakala nyumbani. Mwambieni aulize vitabu vingine vya huyo mchapishaji vinauzwa duka gani, kisha aende dukani mwenyewe akavishike. Akipewa karatasi ya kutia sahihi, aisome mchana, na mtu mwingine aisome. Na kitabu kikiwa na utepe, akifungue kabla ya utepe kukatwa. Asiyekuruhusu kufungua ana sababu.

Yale yaliyobaki kapuni yalinunua karatasi. Mwenye kiwanda alikubali, nadhani kwa aibu kuliko kwa ukarimu. Hapakuwa na mswada, basi Mwalimu Kwamboka akawa anateremka Kisii Jumapili, anaketi kwenye kigoda karibu na kasha langu, anasema sentensi na kungoja niipange, kisha anasema nyingine. Katika miaka yangu yote hiki ndicho kitabu pekee nilichokipanga kutoka mdomoni. Bibi Moraa alimsindikiza, kwa kisingizio cha kuangalia jinsi kuku wake alivyogeuka karatasi. Mzee Zakaria alimpa benchi lililo karibu na jiko la kuotea moto na akaacha kulalamika juu ya wageni kiwandani. Nje ilinyesha. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Hadithi nyingine zilirudi nzima, nyingine zikarudi zimechakaa. Ya moto tuliiacha mwisho. Kwamboka alisimulia vizuri hadi msichana anaikaribia nyumba yao, kisha Mwalimu akakwama.

"Kerubo, siku ile nilimalizaje?"

"Sikusikia, Mwalimu. Nilikuwa namwangalia yule mtu."

"Kwenye daftari alifika kaa limezimika, hadithi ikaisha hapo. Lakini siku ile nilisema jingine. Najua nilisema jingine, na lilikuwa bora." Akajipiga paji la uso. "Nilikuwa kama naota. Limenitoka."

Tulikaa. Kijaluba kilikuwa mkononi mwangu, nusu mstari. Niliona machozi yakimjia, na nikajua halilii daftari tena, analilia lile alilokuwa nalo siku moja tu.

Kwenye benchi, bibi Moraa, ambaye tulidhani amelala, akaanza kusema kwa Ekegusii bila kufungua macho. Kwamboka akageuka kumtazama. Kisha akaanza kuyageuza maneno yale kwa Kiswahili, moja moja, nami nikayapanga.

"Alifika nyumbani, kaa limezimika. Mama yake akamwuliza, umepita kwa nani? Akasema, nimepita kwa wengi, na wote nimewaachia moto. Mama akamwambia, basi rudi kwa aliye karibu. Msichana akatoka tena mvuani na kigae chake, akabisha hodi kwa jirani, akaomba moto."